Lindo Lisilokaguliwa

Ni nadra katika mji wa Kampala kumsikia mtu akisema hadharani kwamba mzazi wake anaishi katika nyumba ya kulelea wazee. Neno lenyewe lina aibu. Anayelitaja mbele ya jamaa hutazamwa kana kwamba amemtupa mama yake kando ya barabara, kwani mila za nchi zinamtaka mzee azeeke na kufa miongoni mwa watoto na wajukuu wake. Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba habari za wazee kupigwa, kufungwa kitandani, kunyimwa maji na kuachwa katika mkojo wao ni mambo ya Ulaya na Marekani, kwa watu ambao, kama isemwavyo, hawajui jamaa.

Imani hiyo ina ukweli mdogo na hatari kubwa. Ukweli ni kwamba nyumba za aina hiyo ni chache nchini Uganda. Ijulikanayo zaidi mjini Kampala ni ile ya Mapeera Bakateyamba, huko Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kuendeshwa na masista wa Msamaria Mwema. Neno bakateyamba katika Kiganda maana yake ni watu wasioweza kujisaidia. Wageni huingia na kutoka katika nyumba hiyo, na tarehe 28 Novemba 2015 Papa Francis mwenyewe alifika kuwaona wakaaji wake. Hatari ni kwamba mtu akiisha kujiambia kuwa nyumba za wazee hazipo kwao, huacha kutazama mahali ambapo wazee wengi wa mji huu wanalelewa hasa: chumba cha nyuma.

Nyumba isiyo na kibao

Chumba cha nyuma hakina kibao mlangoni wala daftari la wageni. Kina kitanda kimoja, beseni, ndoo, na mtu mmoja aliyeajiriwa. Kwa kila hali ni nyumba ya kulelea wazee, ila ni yenye mkaaji mmoja na mtumishi mmoja, na haina msimamizi.

Uchukuliwe mfano wa sajini mmoja. Jina lake halina haja, kwa kuwa wenzake walio katika hali ileile wamo katika kila kambi. Mama yake, mjane wa miaka 79, alipigwa na kiharusi huko kijijini karibu na Masaka, akapooza upande wa kulia. Sajini akamleta mjini katika nyumba ya kupanga huko Kireka, akampa chumba cha nyuma kilicho karibu na bafu. Mkewe ni konstebo wa polisi mwenye zamu za usiku. Watoto ni watatu, na wote wanasoma. Basi akatafutwa msichana wa miaka 18 kutoka kijijini, awe mpishi, mfuaji wa nguo, mpeleka watoto shuleni, na zaidi ya hayo awe mkono na mguu wa bibi kizee. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumwinua mtu aliyepooza. Mwezi wa pili sajini aliitwa kwenda Somalia, nchi ambayo askari wa Uganda wameitumikia tangu Machi 2007, akaondoka akiwa na moyo mtulivu kwamba mama yuko nyumbani.

Kila Jumapili alipiga simu. Mama alijibu kwa sauti ndogo, "Mimi mzima, mwanangu. Wewe jitunze huko." Sajini akaridhika. Hakujua kwamba aliyeishika simu sikioni mwa mama alikuwa msichana yuleyule, na kwamba mama asingeweza kusema neno lolote ambalo msichana hakulisikia.

Aliporudi kwa likizo alimkuta mama amekonda, midomo imekauka. Juu ya mkono wake wa kushoto, karibu na bega, palikuwa na alama nne ndogo za damu iliyovilia, zimepangwa mstari mmoja, na ya tano upande wa pili wa mkono. Msichana alisema kwamba jjajja alianguka bafuni. Sajini alikuwa karibu kuyakubali maneno hayo. Bahati njema shangazi yake, muuguzi aliyestaafu, alikuwa amekuja kuwaamkia. Shangazi aliviweka vidole vyake vitano juu ya zile alama tano bila kuzigusa, navyo vikalingana.

"Sakafu haina vidole," akasema.

Sajini akaanza kufungua mkanda wake. Shangazi akamzuia. "Kaa chini, mwanangu. Kwanza muulize huyu mtoto analala saa ngapi."

Msichana akalia, kisha akasema yote. Bibi kizee humwita mara nne au tano kila usiku, na tangu Pasaka hajapata usiku mmoja wa kulala mpaka asubuhi. Alfajiri huwasha sigiri, huwaandaa watoto, huwapeleka shuleni, huenda sokoni. Anapokwenda sokoni humfunga jjajja kitandani kwa shuka, asije akaanguka. Amempunguzia maji ili asilowanishe godoro. Na siku jjajja anapotema chakula, yeye humshika mkono na kumtikisa.

Zile alama ziliisha katika muda wa majuma matatu. Woga haukuisha upesi. Kwa miezi mingi baadaye, kila mkono ulipomkaribia ghafla, hata mkono wa mjukuu uliobeba kikombe cha chai, bibi kizee alifumba macho na kuugeuzia uso wake ukutani.

Lililoonekana kwingine

Mambo ya chumba hicho si mageni duniani. Mwaka 1975 jarida la waganga la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha barua ya daktari G. R. Burston aliyewakumbusha wenzake kwamba wakongwe nao hupigwa, kama watoto wanavyopigwa, na kwamba daktari anayeambiwa "ameanguka" yampasa aulize zaidi. Tangu hapo uchunguzi umefanywa katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka mmoja mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa ubaya wa namna fulani akiwa katika jamii yake. Ndani ya nyumba za wazee hali ni mbaya zaidi: watumishi 2 kati ya 3 walikiri kwamba katika mwaka uliopita waliwahi kuwatendea ubaya wale waliokabidhiwa. Ikumbukwe kwamba hawa waliokiri ni watu wenye mishahara, wengi wao wamefunzwa kazi, na wana wenzao wa kubadilishana zamu. Msichana wa Kireka hakuwa na lolote katika hayo.

Yafaa pia kuangalia jinsi maovu haya yalivyogunduliwa. Mwaka 1965 mwanamke mmoja wa London, Barbara Robb, alikwenda hospitalini kumtembelea bibi kizee aliyemfahamu. Akaona wakongwe wamenyang'anywa miwani, meno ya bandia na vyombo vya kusikilizia, wakaachwa kama watu wasio na macho, kinywa wala masikio. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Wakubwa wa hospitali walikasirika na kukana, lakini kelele hazikuzimika, na mwaka 1969 serikali ya Uingereza iliunda chombo cha kuzitembelea na kuzikagua hospitali ambamo wagonjwa hukaa miaka mingi. Karibu na hapa, nchini Kenya, ni wanahabari wa BBC walioingia kwa siri katika nyumba moja ya wazee karibu na Nairobi, na mwaka 2025 wakauonyesha umma wazee wakiwa na njaa, wakikosa matibabu, na hata kupigwa na watumishi.

Katika visa hivyo viwili wazee hawakusema, na watumishi hawakujishtaki. Aliyefunua ni mtu wa nje aliyeingia na kutazama. Kumbe ubaya huu haufuati Uzungu wala Uafrika, wala hauchagui jengo kubwa au dogo. Hukaa mahali ambapo mtu dhaifu na mtu aliyechoka wamefungiwa pamoja, na jicho la tatu haliingii. Nyumba ya Nalukolongo, yenye wageni kila mara, yaweza kuwa salama kuliko chumba cha nyuma kilichojaa upendo wa simu za Jumapili. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Namna ya kuzisoma alama

Jambo la kwanza ni kujua kwamba si kila alama ni ushahidi wa ubaya. Ngozi ya mzee huwa nyembamba kama karatasi, na mishipa midogo ya damu hupasuka kwa mguso mdogo. Mzee anayekunywa aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande huvilia damu upesi zaidi. Alama kwenye muundi wa mguu, au nyuma ya kiganja na kigasha, mara nyingi ni za kujigonga kwenye kitanda au mlango. Kwa hiyo anayekimbilia kumshtaki mtumishi kwa kila doa atawaonea wengi wasio na hatia, na watumishi wema watakimbia.

Lakini ziko sehemu za mwili ambazo ajali ya kawaida hazifikii kwa urahisi: shingo, masikio, mgongo, matako, upande wa ndani wa mapaja na nyayo. Alama kubwa usoni au juu ya mikono yote miwili yataka maelezo. Alama iliyozunguka kifundo cha mkono au cha mguu kama pete huonyesha kamba au kitambaa. Kuungua kwenye mpaka ulionyooka, kama soksi, huonyesha mguu uliotumbukizwa katika maji ya moto. Aidha, rangi ya alama haiwezi kueleza kwa hakika ni ya siku gani. Asidanganyike mtu kwa kusema hii ni ya kijani, basi ni ya juma lililopita.

Pili kuna majeraha ya kutotendewa lolote. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa kwa upande mmoja, mifupa hubana nyama juu ya godoro, damu haipiti, na nyama hufa. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia vinavyoanza, penye makalio, nyonga na visigino. Dalili ya kwanza kwa ngozi nyeusi si wekundu, bali ni sehemu iliyokolea rangi kuliko kawaida, yenye joto au ugumu. Desturi ya wauguzi ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Midomo mikavu, mkojo mchache wenye rangi nzito, na akili iliyovurugika ghafla huweza kuwa dalili za kukosa maji. Na mzee anayesinzia mchana kutwa huenda akawa anapewa vidonge vya mafua au vya usingizi ili asisumbue. Vidonge hivyo humwangusha akiamka.

Tatu ni kuanguka kwenyewe. Mzee aliyeanguka na ambaye mguu wake mmoja umekuwa mfupi na kugeukia nje huenda amevunjika nyonga; asichuliwe na mtu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyejigonga kichwa atazamwe kwa majuma kadhaa, kwa maana damu ya ndani ya kichwa kwa wazee huweza kutoka polepole, na usingizi mzito au maneno ya kuchanganyika yakaja baada ya watu kusahau kwamba aliwahi kuanguka. Na kumfunga kitandani hakumzuii kuanguka. Hujivuta, akajinyonga kwa shuka au akaanguka na kitanda chake. Marekani ilipotunga sheria mwaka 1987 juu ya nyumba za wazee, mojawapo ya haki ilizowapa wakaaji ilikuwa ni kutofungwa kwa ajili ya kumrahisishia mtumishi kazi.

Jeraha la mfukoni

Yako pia majeraha yasiyoacha alama. Mwaka 2010 serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kuwapa wazee fedha za kujikimu kila mwezi, na baadaye ukaenezwa nchini kote kwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Si fedha nyingi, lakini ni za mzee mwenyewe. Kadhalika wako wastaafu wa jeshi na polisi ambao pensheni zao hupita mikononi mwa watoto kwa kuwa wao hawawezi tena kwenda benki. Mwana anayeshika kadi ya benki ya baba yake na kumletea baba sabuni tu kila mwezi ni mwizi, hata kama chakula anachokula baba kinatoka katika jiko lake. Na anayemwita mama yake mzigo mbele ya watumishi amewaonyesha watumishi njia ya kumtendea.

Aliyechoka naye ahesabiwe

Rahisi ni kumtukana msichana wa Kireka. Kosa lake ni kosa, na mkono wake ndio ulioumiza. Lakini askari yeyote anajua kwamba mlinzi hawekwi lindoni usiku na mchana kwa mwaka mzima, bila kubadilishwa, bila kufundishwa, na bila ofisa wa zamu kupita usiku. Mlinzi wa namna hiyo akisinzia au akafyatua risasi ovyo, baraza litamwadhibu, lakini pia litauliza ni nani aliyepanga lindo. Nyumbani swali hilo haliulizwi.

Basi ulezi wa mzee asiyejiweza upangwe kama lindo. Awepo mtu wa kumpokea mtumishi, walau usiku mbili au tatu kwa juma, na siku nzima ya mapumziko. Katika nyumba ya konstebo na watoto watatu hilo ni gumu, lakini shangazi, binamu, mjukuu aliyemaliza shule, au jirani wa kanisani au msikitini wanaweza kugawana usiku. Kazi ya mzee itenganishwe na kazi ya jiko na watoto, na mshahara wake ujulikane. Naye mtumishi afundishwe: kumgeuza mzee kwa shuka lililotandikwa chini yake badala ya kumvuta mkono, kumlisha akiwa ameketi, kumpa maji kidogo kidogo, kumpeleka haja kabla hajaomba. Wauguzi wa hospitali humwonyesha jamaa mambo haya akiomba kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993, limeonyesha kwa muda wa miaka 30 kwamba hata mgonjwa mahututi aweza kutunzwa nyumbani kwa heshima, wenye nyumba wakifundishwa.

Tena wako walimu wengine ambao jamaa wengi wanao bila kuwatumia. Ni wale vijana wa kyeyo, waliokwenda London au Boston, ambao wengi wao hujipatia riziki kwa kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu. Huko wamefundishwa kuandika kila jambo: saa mzee alipogeuzwa, alichokula, alichokunywa, alama mpya iliyoonekana. Badala ya kutuma fedha peke yake, watume na ujuzi huo. Polisi hawahitaji kuelezwa faida ya kitabu cha matukio kituoni. Daftari la shilingi chache, lililofungwa kamba kwenye mguu wa kitanda cha mzee, hufanya kazi ileile. Huwakumbusha walio ndani, na humwezesha anayetoka safari kusoma yaliyopita.

Nani akague, na kwa heshima gani

Ukaguzi wenyewe una kikwazo cha mila, nacho kisipotajwa maneno yote yatakuwa bure. Mwana wa kiume haoni mwili wa mama yake. Kwa Waganda na kwa wengine wengi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani, wala mkaza mwana hamgusi baba mkwe. Hiyo ni heshima, tena heshima njema. Lakini heshima hiyo ikiachwa peke yake huugeuza mwili wa mzee kuwa mahali pasipotazamwa na yeyote isipokuwa mtumishi. Dawa si kuvunja mila. Ni kumteua mtu ambaye mila inamruhusu: binti au dada kwa mama, mwana wa kiume au ndugu kwa baba, na wajukuu, ambao tangu zamani wana uhuru wa kutaniana na babu na bibi zao. Ateuliwe kwa jina, na siku yake ijulikane kwa jamaa, ila isijulikane kwa mtumishi. Na aonane na mzee peke yake, mlango ukiwa umefungwa na simu ikiwa mkononi mwake mwenyewe, kwa maana mzee hatamshtaki anayemlisha mbele ya macho yake.

Kwa mzee mwenye maradhi ya kusahau, maneno hayatoshi. Huenda akasema amepigwa na mtu aliyekufa zamani, au akasema hakupigwa ilhali uso umevimba. Hapo mwenendo wake ndio wa kusomwa: je, hujikunja mtu fulani anapoingia? Je, hutulia mtu huyo anapokuwa likizoni? Asiyeweza kusimulia bado anaweza kuogopa, na woga huo ni ushahidi.

Ikionekana kwamba mzee ameumizwa, la kwanza ni hospitali, ili majeraha yatibiwe na kuandikwa na mganga. La pili ni kumtenga aliyeumiza na mzee, bila kipigo, kwa sababu kipigo huharibu ushahidi na humgeuza mshtaki kuwa mshtakiwa. La tatu ni sheria. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka dola iweke mipango ya haja kwa ajili ya ustawi wa wazee. Sheria ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2010 haihusu wake na waume tu. Inawagusa jamaa na hata mwajiri na mtumishi wa nyumbani, nayo inahesabu maumivu ya mwili, matusi, vitisho na unyang'anyi wa mali. Shauri laweza kuanzia kwa mahakama ya baraza la mtaa au kituo cha polisi. Mwaka 2013 Bunge lilitunga sheria ya Baraza la Taifa la Wazee, na tangu uchaguzi wa 2021 wazee wana wabunge wao watano. Lakini sheria haiwezi kuingia chumbani isipoitwa, na wanaoita ni wachache. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba katika kila visa 24 vya wazee kutendewa ubaya, kimoja tu ndicho hufikishwa mbele.

Mkaguzi wa mzee asije na kalamu na uso wa ukali. Aje na beseni la maji ya vuguvugu, sabuni, mafuta na wembe mpya wa kukata kucha. Amwoshe mzee miguu, ampake mafuta mgongoni, ambadilishe shuka, akizungumza naye habari za kijijini. Mzee atapata starehe na heshima. Mtumishi atapata saa mbili za kulala. Na jicho la jamaa litakuwa limepita juu ya kila pembe ya mwili wake bila kumwaibisha. Kazi hiyo haihitaji cheti wala fedha. Nyumba yenye mzee katika chumba cha nyuma na iianze Jumapili hii, kabla simu haijapigwa.